Naomba ushauri: mkanda wa kubania fremu za picha, na pembe zilizoachia Dodoma

BintiFremu (Bagamoyo)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika habari za kazi. Ninatengeneza fremu za picha hapa Bagamoyo, na wateja wangu wengi ni wachoraji wanaowauzia wageni, pamoja na wanafunzi wa TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha hapa, ambao hunijia kwa wingi kila yanapokaribia maonyesho. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikibana pembe kwa tyubu ya baiskeli iliyochanwa: ninapaka gundi nyeupe ya mbao, ninazungusha mpira mara nne au tano, kisha ninaiacha fremu hadi asubuhi.

Mwezi uliopita mteja aliyechukua fremu tatu na kuzipeleka Dodoma alinitumia picha zake kwa simu, na pembe zote kumi na mbili zilikuwa zimeachia. Nilirudisha fedha, lakini aibu haikurudi nayo. Ndipo nikanunua mkanda wa kubania, yaani utepe wa nailoni wa upana wa milimita 25 wenye kikaza cha meno mfano wa kile cha kufungia mizigo kwenye malori, ila kidogo, na vipande vinne vya plastiki vya kukaa kwenye pembe.

Nimeujaribu kwenye fremu ya mtiki ya sentimita 40 kwa 60, na sikuridhika. Fremu imepinda, kiasi kwamba pembe moja haigusi meza. Nilipopima kona kwa kona nilipata sentimita 72.4 upande mmoja na 71.8 upande wa pili. Aidha, pembe moja ina mwanya ingawa nilikaza hadi nikaogopa kukata utepe. Je, ninautumia vibaya, au mkanda wenyewe ni hafifu? Na je, kama ningekuwa nao mapema ungeziokoa zile fremu za Dodoma?

FundiChuda (Tanga)

Marahaba binti yangu. Kabla hatujaulaumu mkanda, nijibu maswali mawili. Kwanza, zile pembe za Dodoma ziliachia upande wa ndani, karibu na kioo, au upande wa nje, kwenye ncha? Na huo mwanya wa fremu mpya uko upande gani? Pili, mbao ulizinunua msimu gani, na ulizihifadhi wapi? Ukinijibu kwa uhakika, nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

MzeeTyubu

Mimi nimetengeneza fremu kwa tyubu tangu kabla hujazaliwa, na nyingine bado zinaning'inia ukutani kwa watu. Mpira una sifa moja ambayo utepe wa nailoni hauna, nayo ni kwamba unaendelea kuvuta hata gundi inapokuwa inakauka na kiungo kinajikaza. Kasoro yake ni kwamba mpira mweusi huacha alama kwenye mti mweupe, na huwezi kujua umevuta kwa nguvu kiasi gani. Usiutupe mpira wako kwa sababu ya fremu tatu.

BintiFremu (Bagamoyo)

Ahsanteni. Fremu za Dodoma ziliachia kwa ndani, pembe zote, na ncha za nje bado zimegusana. Fremu mpya ina mwanya kwa nje, kwenye pembe moja tu. Mbao za zile fremu za Dodoma nilizinunua wakati wa masika zikiwa zimepasuliwa karibuni, nikaziegemeza chini ya banda lililo hatua chache kutoka ufukweni, na nilizitumia baada ya wiki mbili hivi. Upana wa ubao ni sentimita 6.

FundiChuda (Tanga)

Basi una matatizo mawili yasiyo na undugu, na mkanda hauhusiki na lolote kati ya hayo.

Tuanze na Dodoma. Mbao inapokauka husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu wake karibu haibadiliki kabisa. Uliikata nyuzi 45 ikiwa na unyevu wa pwani, na ilipofika kwenye hewa kavu upana ukapungua huku urefu ukibaki vilevile, kwa hiyo ule mkato haukuwa tena nyuzi 45 bali chini kidogo. Ncha za nje zikaendelea kugusana, na ndani pakafunguka. Piga hesabu uone: ubao wako wa sentimita 6 ukisinyaa kwa milimita moja tu, mwanya wa ndani unaweza kufikia karibu milimita moja na nusu. Ingekuwa kinyume chake, yaani umetengeneza kwa mbao kavu kisha ikanywa unyevu, pembe zingefunguka kwa nje. Ndiyo maana niliuliza upande kabla ya kuuliza chochote kuhusu kubana. Hakuna mkanda, tyubu wala jiliwa, yaani kibanio cha chuma cha kukaza kwa skrubu, litakaloizuia mbao kusinyaa baada ya fremu kutoka mikononi mwako.

Mwanya wa fremu mpya ni habari ya msumeno. Fremu ina mikato minane. Kila mkato ukizidi kwa nusu nyuzi, ambayo jicho halioni, jumla ni nyuzi 4, na zote hukusanyika kwenye pembe unayoifunga mwisho. Hapo ndipo unapokaza na kukaza bila mafanikio. Chukua guni, yaani kipimio cha pembe mraba, uunganishe vipande viwili bila gundi, uone kama vinatoa pembe mraba kamili. Kama havitoi, rekebisha kisanduku chako cha kukatia, kile chenye mianya ya kuongozea msumeno, kabla ya kukata ubao mwingine. Hakikisha pia pande zinazotazamana zina urefu sawasawa, kwa kugongomea kipande cha mbao kiwe kizuio ili pande zote mbili zikatwe kwa kipimo kimoja bila kutegemea futi kamba.

SeremalaMwanamke (Bagamoyo)

Dada, FundiChuda amemaliza habari ya mbao, nami niongeze habari ya mkanda, kwa kuwa ninautumia kwa fremu na zaidi kwa viti, ambako miguu minne hukazwa kwa mzunguko mmoja mahali ambapo jiliwa la kawaida halipati pa kushika.

Kupinda kunatokana na mahali utepe ulipokaa. Utepe ukiwa juu ya nusu ya unene wa ubao, unaivuta fremu ijikunje kuelekea juu. Ukiwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, fremu inajipinda kama ukili uliolowa. Laza fremu kwenye plaiwudi iliyonyooka, utandike nailoni ili gundi isishike, kisha hakikisha utepe unapita katikati ya unene kwenye pande zote nne. Mimi huweka na tofali lililofungwa kitambaa juu ya kila pembe.

Kuhusu kona kwa kona, wengi hudhani kwamba mkanda huinyoosha fremu iwe mraba. Haufanyi hivyo. Fremu iliyokwenda upogo ina mzunguko uleule wa fremu iliyo mraba, kwa hiyo mkanda hauoni tofauti yoyote. Kaza kwa nusu nguvu, pima, kisha zisukume kwa viganja zile pembe mbili zenye kipimo kirefu zikaribiane, upime tena. Kwa fremu yako vipimo vyote viwili vinapaswa kuwa sentimita 72.1. Vikishalingana ndipo ukaze hadi mwisho.

Kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulibaini. Utepe unakwaruzana na kila pembe unayoizunguka, hivyo pembe iliyo mbali na kikaza hupata nguvu ndogo kuliko iliyo karibu nacho. Paka nta ya mshumaa kwenye vipande vya plastiki, na unapokaza usukume utepe kwa mkono wa pili ili uteleze. Kisha gusa utepe kwa kidole kila upande kama apimaye nyuzi za udi. Upande unaotoa sauti nzito bado umelegea. Ukishaizoea sauti hutahitaji kuogopa kuukata, kwa sababu nguvu inayohitajika ni ndogo kuliko unavyodhani. Ukikaza kupita kiasi gundi yote inatoka nje, kiungo kinabaki kikavu.

Na hiyo gundi usiipake mara moja. Uso uliokatwa nyuzi 45 una vinyweleo vilivyo wazi, unainywa gundi kama mchanga unavyokunywa maji. Paka tabaka jembamba, subiri kama dakika tano, paka tena ndipo ubane. Kwa hewa yetu hii usifungue kabla ya saa kadhaa, na usiishughulishe fremu kabla ya siku moja kamili.

MzeeTyubu

Hilo la kupaka mara mbili silipingi. Nami nilikuwa nikilifanya.

BintiFremu (Bagamoyo)

Nimerudi baada ya siku nne. Guni imeonyesha kwamba kisanduku changu kilikuwa kimelika kwenye mwanya mmoja, nimetengeneza kingine. Fremu ya pili niliibana kwanza bila gundi, na kona kwa kona nimepata 72.1 pande zote mbili. Nilipopaka gundi haikubadilika. Imelala mezani bila pembe kuinuka. Nimebaki na swali la Dodoma: mteja yuko tayari kuzirudisha zile tatu. Nizijaze nyufa kwa gundi na unga wa msumeno, au nifanyeje?

FundiChuda (Tanga)

Usijaze. Zikija pwani zitakunywa unyevu tena na nyufa zinaweza kujifunga zenyewe kabla hujazigusa, ukadhani umezitibu, kisha zikifika Dodoma zitafunguka palepale. Na kama ndani umeshajaza kitu kigumu, mbao ikivimba itasukuma kiungo kizima nje.

Mtengenezee nyingine. Tumia ubao mwembamba wa sentimita 2 au 3, kwa kuwa ubao usio mpana husinyaa kwa kiasi kidogo. Mbao zako zitoe kwenye banda la ufukweni, uzipange ndani ya chumba kikavu huku ukitenganisha kila moja kwa vijiti ili hewa ipite, na uzipe miezi badala ya wiki. Hata mtiki wa Longuza, lile shamba la miti la huku Tanga, wenye sifa yake hauwezi kuvumilia haraka hiyo. Gundi ikikauka, pasua kwa msumeno mfereji mwembamba kwenye kila ncha, uingize kipande cha mbao chenye gundi ambacho nyuzi zake zinakatisha kiungo, kisha ukirande kiwe sawa na ubao. Mbao ikisinyaa kidogo, kipande hicho kitaizuia pembe isiachie moja kwa moja. Mfereji huo uupasue baada ya kufungua mkanda, maana wapo wanaoupasua mapema, na hapo pembe inabonyea kabla haijabanwa.

BintiFremu (Bagamoyo)

Nimeelewa, baba. Mbao nimezihamishia chumbani leo asubuhi, na mteja amekubali kusubiri hadi baada ya kiangazi.