Kuhamisha santuri na kaseti za Mbaraka Mwinshehe kwa ajili ya kumbukumbu ya Januari

MpenziWaMoro
Wakuu, salaam. Kila ikifika Januari wapenzi wa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji wa Morogoro, hukaa kumkumbuka Soloist National wetu, aliyetutoka kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu. Safari hii kikundi kinataka kupiga nyimbo zilizotoka kwenye santuri zenyewe, si hizi zinazozunguka WhatsApp ambazo solo lake la gitaa limefubaa kama redio iliyofunikwa blanketi. Zipo santuri ndogo 14 za mizunguko 45 kwa dakika, LP (santuri kubwa) mbili za Ukumbusho, na kaseti sita zilizorekodiwa kutoka redioni. Pleya ipo, kompyuta ipo. Tuanzie wapi, na wapi watu huharibu?

SindanoKali
Mkuu, wengi huharibu kabla hata ya kurekodi, kwenye kusafisha. Usifute santuri kavu kwa kitambaa, maana vumbi ni mchanga na utaukwaruzia ndani ya mifereji. Tumia maji yasiyo na chumvi wala madini (distilled): lita 1, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na losheni. Maji ya betri ya vituo vya mafuta yanafaa, ila soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana. Futa kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Lebo isiguswe na maji, hiyo karatasi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha wimbo. Suuza kwa maji hayohayo bila sabuni, kisha simamisha santuri mpaka ikauke yenyewe. Kama katikati ya mzigo kuna zile nzito za mizunguko 78, zisiguswe na spiriti kabisa: ni shelaki, aina ya utomvu mkavu, na spiriti huiyeyusha.

Halafu angalia tundu la katikati. Santuri ndogo yenye tundu pana inahitaji kiziba chake. Ukiikadiria kwa macho itazunguka upandeupande, na gitaa litapanda na kushuka kila mzunguko kama mtu aliyelewa. Pima na kasi pia. Zipo programu za simu zinazosoma mizunguko ukiilaza simu kwenye sahani ya pleya. Itafutwe 45 kamili. Usipime kwa kulinganisha na noti za kinanda, bendi zile zilipatanisha nyuzi za magitaa kwa sikio.

Uzito wa sindano: fuata maelekezo ya kichwa cha pleya kinachoshika sindano, mara nyingi gramu 2 hadi 3. Ile tabia ya kubandika sarafu juu ya mkono wa pleya ili isiruke ni kuichonga santuri. Lakini wepesi kupita kiasi nao ni hasara, sindano hurukaruka na kugonga kuta za mfereji.

Mwisho, waya. Pleya iende kwenye tundu la phono (la santuri) la amplifaya au kwenye priampu ya santuri, kile kikuza sauti cha awali, kisha kompyuta. Ukichomeka moja kwa moja besi inapotea, unabaki na sauti nyembamba ya nzi. Na kama pleya ina priampu ndani, usiipitishe tena kwenye ya pili, sauti itapasuka.

Kisponji
Nijazie upande wa kaseti, maana hizo zina hatari yake. Kwanza chungulia utepe dirishani. Ukiona ukungu mweupe kingoni, usiicheze. Ukungu utahamia kwenye mashine na kuambukiza kaseti zote zinazofuata. Angalia pia kile kisponji kidogo nyuma ya utepe. Kikidondoka, utepe haugusi kichwa sawasawa, sauti inakuja na kuondoka. Kisha peleka mbele mpaka mwisho, rudisha, ndipo urekodi.

Kichwa cha mashine kisafishwe kwa isopropili (spiriti ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi na pamba ya kijiti. Kitu ambacho watu hawakijui ni skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine huwa na pembe yake, ndiyo maana inasikika butu kwako. Sikiliza kwa mono, zungusha skrubu taratibu, robo mzunguko au pungufu, mpaka manyanga na nyuzi nyembamba za solo zing'ae. Weka alama ya mahali ilipokuwa ili uirudishe. Kama sauti inayumba kwenye kaseti zote, tatizo ni mkanda wa mpira ndani ya mashine umelegea.

Sauti ya mtangazaji iliyo mwanzoni mwa wimbo msiikate.

SindanoKali
Naunga mkono hilo la mtangazaji. Nilisahau vipimo: rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kHz 96, stirio hata kama santuri ni mono. Vilele vya sauti visivuke desibeli -6. Dakika moja ni kama MB 35, kwa hiyo nyuso 28 za santuri ndogo kwa wastani wa dakika 4 zinakula karibu GB 4. Si nyingi. Stirio kwa sababu hii: ukuta mmoja wa mfereji unaweza kuwa umeliwa zaidi ya mwingine. Sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake. Zikilingana, zichanganye kuwa mono na sehemu ya mikwaruzo itajifuta. Zisipolingana, chukua upande mzima na uache ule mwingine.

Fundi wa Usiku
Hapo kwenye kusafisha sauti nawaomba mikono iwe myepesi. Kitufe cha kuondoa kelele ukikikandamiza, solo linaingia majini na manyanga yanakufa kabisa, kwa sababu kwa programu mlio wa manyanga na mlio wa vumbi ni kitu kimoja. Ondoa milipuko mikubwa kwa mkono, mmojammoja, ule mvumo wa chinichini uacheni. Faili ghafi lisiguswe. Fanyia kazi nakala.

Na majina jamani! Mtandaoni kila kitu kimeandikwa "Mbaraka na Super Volcano". Super Volcano ni ya kuanzia 1973. Kabla ya hapo ni Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Andikeni kilichoko kwenye lebo, pamoja na jina la mtunzi, pigeni picha nyuso zote mbili, na mnakili namba iliyochongwa kwenye sehemu laini karibu na lebo. Kwenye LP za Ukumbusho msichukue mwaka wa LP kuwa mwaka wa wimbo, ni mikusanyiko iliyotolewa baada ya msiba.

MpenziWaMoro
Asanteni sana. Moja limebaki: wimbo uliogawanywa, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Tuunganishe?

Fundi wa Usiku
Kwa kuhifadhi, hapana, mafaili mawili. Kwa kupiga siku ya kumbukumbu, tengeneza nakala ya tatu. Upande A mara nyingi sauti hushushwa taratibu mwishoni. Ukijaribu kuipandisha unapandisha na mikwaruzo. Bora ukate pale inapoanza kushuka, kwenye pigo la kwanza la ngoma, uingize B kwenye pigo kama hilo, na ulinganishe ukubwa wa sauti kabla ya kuunganisha. B ikianza na gitaa peke yake bila ngoma, usilazimishe. Acha ukimya wa sekunde mbili, kama vile mtu anageuza santuri.