Membe wa visiwa vidogo: wamepungua au wamehama?

Mkaazi wa Mkoani:
Assalaam alaikum. Wazee wetu waliokuwa wakipiga dago, yaani kambi za muda za uvuvi, wanasema kwamba zamani, msimu wa kusi ulipoingia, membe, ndege hawa wa baharini, walitaga kwa wingi juu ya majabali ya visiwa vidogo, na sasa hupita miaka wasione hata yai moja. Naomba wanaolifuatilia jambo hili watueleze: ndege hawa wamepungua kweli, au wamehamia pengine?

Pwani ya Kusini, Unguja:
Waalaikum salaam. Yote mawili yanawezekana, na ndiyo maana tusiharakishe kuhukumu. Membe wale wembamba, ambao kifua chao huingia rangi ya waridi wakati wa kutaga, hawafungamani na kisiwa kimoja. Mwaka huu watajaa hapa, mwakani wasionekane kabisa. Anayehesabu kwenye jabali moja tu atapata habari za jabali hilo, si za ndege. Inapasa visiwa vyote vikaguliwe ndani ya msimu mmoja, na zoezi hilo lirejewe kwa miaka mingi.

Tena membe huishi muda mrefu, wengine zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo mvuvi anaweza kuendelea kuwaona wakizunguka juu ya jodari kama kawaida, ilhali kwa misimu kadhaa hakuna kinda aliyefikia kuruka, na upungufu ukaja kudhihiri wakati wazazi wameshazeeka. Kwa maoni yangu, kuhesabu makinda ni muhimu kuliko kuhesabu wakubwa.

Mlinzi wa Matumbawe:
Naongeza mfano wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Mwaka 1994 mamia ya jozi za membe hao walitaga huko, lakini kunguru na panya waliwavamia mayai na makinda. Panya waliangamizwa kisiwani mwaka 1997. Kunguru ni mtihani mkubwa zaidi, kwani tangu alipoletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka, ameenea kila mahali, na bahari nyembamba haimzuii. Taka tunazoziacha wazi mjini zinamlisha yeye, naye anakwenda kula makinda visiwani.

Nahodha wa Tumbatu:
Na sisi wavuvi tusijitoe. Dago likipigwa karibu na mazalio, wazazi huruka, mayai yakabaki juani, na hata asiyeyaokota huwa ameshayaharibu kwa kupita tu. Mabaki ya chakula nayo huwashibisha panya walioshuka na vyombo. Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo cha mbali ambacho hakina mti hata mmoja, bado kina ndege wakubwa wanaotaga chini mchangani, na naamini umbali wake umewasaidia.

Mkaazi wa Mkoani:
Nashukuru sana. Basi nitazungumza na mabwana diko wa upande wetu, yaani wasimamizi wa mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia, kila nahodha anayerudi aandikishe jina la kisiwa, tarehe, na kama ameona makinda au hakuona. Mwenye daftari la namna hiyo kwa upande wa Unguja naomba ajitokeze, ili tuandike kwa mtindo mmoja kabla kusi halijaingia.