Uuguzi au maabara kwa mtu mkimya? Naomba ulinganisho

Binti_PCB: Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na nataka dirisha la udahili likifunguliwa nijue najaza nini. Nimebaki na mbili: uuguzi au sayansi ya maabara. Mimi ni mkimya tangu utotoni, kwenye shughuli huwa nakimbilia kuosha vyombo. Mama anasema mkimya aende maabara, wodini watanionea. Ila bibi alipougua nilimuuguza wiki tatu, sikuchoka. Nani anazijua kazi hizi?

Zamu_ya_Usiku: Marahaba mdogo wangu. Niko wodi ya wazazi, mwaka wa 11 sasa. Mama mwenye uchungu saa nane usiku hana haja na muuguzi msemaji. Anataka mtu wa kusikiliza mapigo ya mtoto kila nusu saa, ayaandike kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, bila kuruka, na amkande kiuno maumivu yakipanda. Wakimya wengi wako vizuri sana hapo. Kinachowatesa ni kukataa: ndugu wamejaa mlangoni na muda wa kuona wagonjwa umepita, au dozi iliyoandikwa unaona haiko sawa. Hapo sauti lazima itoke.

Mzee_wa_Mahesabu: Tabia hailipi kodi ya nyumba, binti. Angalia kwanza ajira zinazotangazwa.

Darubini: Ajira ni muhimu, mzee, lakini kazi usiyoipenda utaifanya miaka 30. Mimi ni wa maabara. Huku ukimya pekee haukufikishi popote, panataka mtu asiyechoka kurudia. Chukua slaidi ya malaria: unaipaka rangi ya Giemsa ili vimelea vionekane, unasubiri, unaosha, unakausha, halafu unainamia darubini ukihesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe za damu 200. Ya kwanza tamu. Ukifika ya 30 shingo inawaka, na kukisia ni marufuku. Mimi naipenda mno. Nikikiona kipete kimoja cha kimelea pembeni kabisa, moyo unaruka. Mwenzangu niliyesoma naye, mpole kuniliko, aliacha. Alisema anashika damu za watu kutwa nzima na sura zao hazioni.

Mwalimu_wa_Unasihi: Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, alitoa nadharia ya makundi sita: kazi za mikono, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, kushawishi na kuongoza, na utaratibu wa kumbukumbu na tarakimu. Ukimya si mojawapo. Maabara inaangukia zaidi uchunguzi, uuguzi kuhudumia watu. Na yale majaribio ya tabia mtandaoni, yanayokupa herufi nne za kukueleza ulivyo, usiyategemee. Wengi wakirudia hupata herufi nyingine. Nijibu hili: zile wiki tatu za bibi, ulikuwa unangojea nini kila siku?

Binti_PCB: Nilikuwa na daftari, naandika saa za dawa na joto lake. Lakini nilichongojea ni asubuhi. Nikimfuta uso kwa kitambaa cha maji ya moto alikuwa ananishika kidole, hakiachii.

Darubini: Basi huyu ni wenu, dada Zamu. Nakubali kwa roho safi.

Zamu_ya_Usiku: Kukataa utajifunza, mdogo wangu, hata mimi nilifundishwa na sista mkuu wangu. Mpelekee mama hilo la kidole.

Binti_PCB: Asanteni sana. Namsomea jioni akirudi sokoni.