Mafundi wa mifumo Tabora, hilo faili moja la .sql mnaloliita bekapu ni utapeli

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, mwenye moyo mwepesi apite tu.

Nawasema ninyi mnaofunga mifumo ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), SACCOS na zahanati, kuanzia Tabora mjini mpaka Urambo na Kaliua. Mnamchaji mteja hela ya "bekapu kila siku", halafu ukifungua folda unakuta dampo la databezi peke yake, yaani databezi iliyomwagwa kwenye faili moja la maandishi, limekaa kwenye diski ileile ya seva ileile. Diski ikifa, mfumo na bekapu vinazikwa kaburi moja. Na msiniletee habari za RAID, zile diski kadhaa zinazotunza data kwa pamoja. RAID inakuokoa diski moja ikifa, lakini mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, linafutika kotekote sekunde hiyohiyo.

Hilo dampo lenyewe mara nyingi ni ganda tupu. Piga ls -l uone: usiku wa kwanza baiti 20, wa pili baiti 20, mwezi mzima baiti 20. Hizo ndizo gzip, programu ya kubana mafaili, anazotoa akipewa hewa aibane. mysqldump, ile amri ya kutoa dampo la MySQL, iligoma, pengine paswedi ilibadilishwa, lakini mmeunganisha kwa alama ya | na skripti inasikiliza jibu la wa mwisho tu, yaani gzip, ambaye kazi yake ya kubana hewa kaifanya vizuri kabisa. Logi inaandika "imefanikiwa", mteja analipa. Dawa ni set -eo pipefail juu ya skripti, iendeshwe na bash, kisha zcat faili | tail -n 1. Usipoona "Dump completed", faili limekatikia njiani.

Wengine hata hilo ganda hawana. Wameandika date +%F moja kwa moja ndani ya crontab (ratiba ya kazi zinazojiendesha), na humo alama ya % inageuzwa kuwa mstari mpya, amri inakatikia hapo. Andika \% au iweke ndani ya skripti.

Halafu chaguo. Kwa majedwali ya MySQL ya aina ya InnoDB weka --single-transaction ili upate picha ya wakati mmoja bila kufunga majedwali. Ongeza --routines na --events, la sivyo taratibu zilizohifadhiwa ndani ya databezi, mfano ile ya kukokotoa riba, zinabaki nyuma kimyakimya. Watumiaji na ruhusa zao wako kwenye databezi inayoitwa mysql, si kwenye ya mfumo wako. Mnaotumia databezi ya PostgreSQL msicheke: pg_dump nayo haibebi watumiaji, lazima pg_dumpall --globals-only. Na anayekopi /var/lib/mysql, folda ya data ya MySQL, seva ikiwa inakimbia, huyo anakusanya vipande vya saa tofauti visivyoshikana.

Sasa chukulia radi imeunguza seva katikati ya masika. Una mashine mpya tupu, Ubuntu kwenye flashi, na bekapu yako. Utakwama wapi?

Utakwama kwenye picha za wanachama na risiti zilizoskaniwa, kwa sababu databezi inatunza jina la faili tu, picha yenyewe iko kwenye folda ya uploads ambayo hamkuigusa. Utakwama kwenye .env, faili la siri na mipangilio ya mfumo. Kama mfumo umejengwa kwa Laravel (ya PHP) na ufunguo wake wa APP_KEY umepotea, kila kilichosimbwa, yaani kilichofichwa, kwa ufunguo huo hakisomeki tena, hata uje na nani. Utakwama kwenye mipangilio: /etc yote, ambamo mna mipangilio ya seva ya wavuti nginx, vyeti vya letsencrypt, fstab na huduma za systemd. Kwa kawaida ni megabaiti chache tu, mnaiachaje? Crontab za watumiaji haziko humo. Kwenye Ubuntu na Debian zinakaa /var/spool/cron/crontabs. Beba pia /opt, /usr/local na matokeo ya apt-mark showmanual ujue nini kilifungwa. Na msimbo ulioko kwenye seva, siyo ule wa laptopu yako, maana tunajua mnavyorekebisha moja kwa moja kule.

Acha /proc, /sys, /dev, /run, /tmp na faili la swap. Kuna aliyekopi "kila kitu" akakutana na /proc/kcore inayojitangaza kuwa terabaiti 128 kwenye diski ya gigabaiti 500, akasema seva ina virusi.

Diski ya nje nayo: FAT32 haipokei faili la kufika gigabaiti 4, na haitunzi mwenye faili wala ruhusa. Iformati ext4, ya Linux. Ziwe mbili, zipishane, na isiyotumika ichomolewe kabisa, maana radi haichagui. Zisimbwe, na ufunguo usikae kwenye seva ileile.

Anayesema "tunapandisha mtandaoni" apige hesabu kwanza. Gigabaiti 40 kwa megabiti 2 kwa sekunde ni zaidi ya saa 44. Shehena ya kwanza ipande basi la Nzega ikiwa kwenye diski, baada ya hapo programu ya kunakili kama restic au rsync ipeleke mabadiliko tu.

Jibu la 2: Mkuu umesahau kitu. Dampo la saa 8 usiku halikuokoi seva ikifa saa 10 jioni siku ya soko la tumbaku. Mizani yote ya siku hiyo imekwenda. Washa binlog, kumbukumbu ya kila badiliko la databezi, iwe inakopiwa mashine nyingine kila dakika 10, na dampo lipigwe na --source-data=2 (kwenye MariaDB ni --master-data=2) ili ujue uanzie wapi kurudia kwa mysqlbinlog.

Mwanzisha uzi: Sahihi kabisa mkuu, hiyo naipokea. Ila hawa bado wako kwenye baiti 20. Wafunge kwanza mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta), warudishe kila kitu huku wakihesabu saa, kisha jumla ya akiba walinganishe na ripoti iliyochapwa ya mhasibu. Aliyefanya hivyo mwaka huu aweke hapa muda uliotumika.