Geko chui amegoma kula, ngozi imemnasa vidoleni

tanki_la_kioo
Habari wakuu. Nina geko chui (mjusi mdogo wa kufugwa) wa miezi 5, tangu wiki iliyopita hagusi chakula. Tanki ni sentimita 60 kwa 45, pedi ya joto imebandikwa chini kwa nje, ndani kuna mchanga wa kina cha sentimita 5. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 27. Juzi kajivua ngozi, ila vidole viwili vya mbele vimebaki na pete nyeupe. Chakula ni funza wa unga tu. Shida iko wapi?

MjusiKafiri
Mkuu, hiyo 27 ni ya hewa. Huyu mnyama hupata joto kwa kulalia sehemu yenye moto, na tumbo likiwa baridi halisagi chakula. Chukua kipimajoto chenye waya, laza ncha yake juu ya mchanga pale penye pedi. Inatakiwa 31 hadi 33. Sidhani kama utafika hapo, kwa sababu mchanga mzito namna hiyo unazuia joto lisipande. Halafu akichimba mpaka kwenye kioo, anaungua tumbo.

Toa mchanga wote, tandika taulo za karatasi. Mchanga humezwa pamoja na mdudu ukaziba utumbo, na ule unaouzwa kwa jina la mchanga wa kalsiamu ndio siutaki kabisa: mwenye upungufu wa kalsiamu huulamba makusudi. Pedi ichukue kama theluthi moja ya sakafu, upande mmoja, na iendeshwe na thamostati (kifaa cha kudhibiti joto). Upande wa pili ubaki 24 hadi 26. Weka maficho pande zote mbili, la sivyo ataganda palipo na maficho hata kama joto halimfai.

Joto likishatulia, subiri siku mbili ndipo umpe mdudu mmoja au wawili wadogo. Ukimjaza akiwa baridi atatapika.

ngozi_mpya
Vidole visisubiri. Pete ile hukauka, hukaza, damu haipiti, kidole kinakatika. Tafuta kopo lenye mfuniko uliotobolewa, tandika taulo za karatasi zilizoloa maji vuguvugu (nyuzi 28 hadi 30), muweke humo dakika 20 ukiwa karibu. Kisha sugua taratibu kwa kijiti cha pamba kilicholoa, kutoka shina la kidole kwenda kwenye ncha. Ikigoma, rudia kesho. Usivute kwa kucha wala kibano. Kidole kikivimba au kuwa cheusi, hiyo ni kazi ya daktari wa wanyama.

Ili isijirudie, muwekee maficho yenye unyevu: kopo la plastiki, tundu lenye kingo laini, ndani kuvumwani (mimea midogo laini inayoshika maji) au taulo la karatasi lenye unyevu usiochuruzika. Likae mpakani mwa upande wa joto. Na usihangaike kutafuta ngozi aliyoivua, huwa anaila.

tanki_la_kioo
Nimepima. Juu ya mchanga ni 25! Nautoa leo. Je, chakula nibadilishe?

MjusiKafiri
Changanya nyenje na mende wa dubia, wasiozidi upana wa nafasi kati ya macho yake. Walishe mboga za majani na karoti saa 24 kabla. Kwa umri huo, wapake unga wa kalsiamu karibu kila mlo. Kama huna taa ya UVB (miale kama ya jua inayomsaidia kutengeneza vitamini D3), baadhi ya milo itumie unga wa kalsiamu wenye D3. Multivitamini mara moja kwa wiki. Kibakuli cha kalsiamu kinachobaki ndani kisiwe na D3, kwani ikizidi ni sumu. Nyenje wasioliwa watoe kabla hujalala, huwa wanamng'ata. Vimulimuli usimpe kamwe, hata mmoja anaweza kumuua.

Mpime kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, kila wiki. Mkia ndio ghala lake la mafuta: ukiona unakonda huku anaharisha, chukua kinyesi kibichi umpelekee daktari akipime vimelea. Miguu ikitetemeka au taya likilegea, nenda siku hiyo hiyo, mifupa inakosa kalsiamu.