Kwa nini Daumier aligeukia mavazi?

Mwanafunzi, Lubumbashi: Ndugu zangu, kwa nini Honoré Daumier, mchoraji wa katuni wa Ufaransa aliyefungwa mwaka 1832 kwa kumkejeli mfalme Louis-Philippe, baadaye alichora mabibi wa Paris na sketi zao?

Mwalimu, Katuba: Mwanangu, sheria za Septemba 1835 zilidai kila mchoro upate kibali kabla ya kuchapishwa, ndipo Le Charivari, gazeti la kejeli lililochapisha michoro yake, likageukia maisha ya jamii. Udhibiti wa magazeti uliporudi chini ya mtawala Napoleon III, krinolini, sketi zilizotanuliwa kwa matao, zikawa shabaha nzuri mno.

Mchoraji, Kamalondo: Asante, Mwalimu. Tusimsahau Gavarni, mchoraji mwenzake Daumier, aliyewahi kuchora mitindo kwa ajili ya magazeti, hivyo aliijua nguo vizuri. Hata hivyo mimi nampenda Daumier zaidi, kwani humwona mtu kabla ya vazi lake.

Mwanafunzi: Nashukuru sana. Nitaanza na michoro yake ya krinolini.