Ukipatwa na balaa ng'ambo, ubalozi wako ni kundi la WhatsApp na hazina yako ni harambee

Wanabaraza, leo sina salamu ndefu. Niko Malindi, nimejaa hasira, na anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Mtoto wa mamangu mdogo, binti wa hapa mtaa wa Muyeye, alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Akateleza ngazini, akavunjika mguu. Kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini kule, akamtupa hospitali akaenda zake, pasipoti akabaki nayo. Binti yuko kitandani, simu ya kuazima, Kiarabu chake ni kile cha jikoni tu. Huku nyumbani tukaanza kupiga simu ubalozini. Inaita mpaka inakatika. Tukaandika barua pepe, tukajibiwa kwamba suala limepokelewa. Limepokelewa na nani, likapelekwa wapi, hakuna anayejua. Tukaambiwa tumtafute wakala aliyempelekea kazi. Wakala simu kazima, ofisi yake Mombasa ina kufuli. Mara tuambiwe tulete barua ya chifu na nakala za vitambulisho, Nairobi, kwa mkono! Mamangu mdogo anauza mahamri. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi aitoe wapi? (Na chifu naye ukimtaka yuko mkutanoni, si mnawajua.)

Waliompata ni wanawake wenzake, Wakenya na Waganda, kupitia kundi lao la WhatsApp. Wao ndio waliompelekea chakula, wakazungumza na daktari, wakamfulia nguo. Tiketi tulichangishana mtaani. Ubalozi ulitoa cheti cha dharura cha kusafiria, na sitawadhulumu, hicho walikitoa. Lakini walikitoa baada ya kuona tiketi imeshalipwa.

Sasa sikilizeni kinachonichoma hasa. Mtaliano akipoteza pasipoti hapa Malindi, konsuli wa heshima wa nchi yake yuko mjini hapahapa, anakwenda kwa tuktuk. Akiishiwa kabisa, serikali yao ina utaratibu wa kumkopesha nauli, atalipa akifika kwao. Wamarekani nao wana mkopo kama huo. Mtasema hao ni matajiri. Haya, Wafilipino je? Wanafanya kazi zilezile za dada zetu, kwenye nyumba zilezile. Wao wana mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa ng'ambo, mchango wake dola 25 kwa mkataba, na kurudishwa nyumbani ukikwama ni mojawapo ya kazi za mfuko huo.

Sisi Lebanon tunaihudumia kutoka ubalozi wa Kuwait. Bandari ya Beirut ilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020, dada zetu walikwenda kulala nje ya ofisi ya konsuli wa heshima wakidai kurudishwa kwao. Mwaka huohuo wa korona, Wakenya waliokwama China waliambiwa anayetaka kurudi ajilipie ndege. Halafu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, ndege ya jeshi ikaleta watu mpaka Nairobi. Kumbe wakitaka wanaweza!

Na msiniletee ile hoja ya kwamba ubalozi si benki. Najua konsuli hawezi kumtoa mtu jela wala kulipa kila bili ya hospitali. Mkataba wa Vienna wa 1963 unataja kuwasaidia raia kuwa ni kazi ya konsuli, ila kiasi cha msaada kila nchi inajipangia. Mimi sizungumzii pesa ya kodi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 85, inamtaka mwajiri asiyekaa Kenya aweke dhamana ya kutimiza mkataba, na wadhamini wake wawe wakazi wa Kenya. Dhamana ya binti yetu anayo nani? Tuliuliza ofisi ya leba, tukaangaliwa kama watu waliouliza siri ya jeshi. Ikiwa iliwekwa, kwa nini sisi tulipitisha kofia mtaani? Na ikiwa haikuwekwa, nani alipiga muhuri binti akapanda ndege?

Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Tangu 2022 kuna Idara nzima ya Masuala ya Diaspora. Pesa zikiingia, hotuba hazina mwisho. Mguu ukivunjika, lete barua ya chifu.

Basi watuwekee afisa Mombasa mwenye uwezo wa kufungua faili, tusikimbizwe Nairobi kwa karatasi ambayo hata simu inaipiga picha. Watuwekee na namba ya simu inayopokelewa na binadamu, usiku na mchana. Na mwenye kujua njia ya kuidai ile dhamana, au wakili aliyewahi kuidai akaipata, aandike hapa chini, maana deni la tiketi bado tunalilipa.

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, wakala alikuwa na leseni. Ilikuwa imebandikwa ukutani na picha yake ninayo.